Tazio Nuvolari: Ajali Nyingi, Ajali Moja

Neno ajali tulilipokea kutoka kwa Waarabu. Kwao maana yake ni muda uliowekwa, yaani ile siku ya mja ambayo haitangulii wala haichelewi. Sisi watu wa pwani tuliihifadhi maana hiyo, kisha tukaongeza ya pili: gari likipinduka, mashua ikizama, mtu akianguka kutoka mnazini, twasema amepata ajali. Kwa hiyo neno moja linabeba mambo mawili, na si kila apataye la pili huwa amefikiwa na la kwanza.

Leo, ndugu msomaji, nataka kukusimulia maisha ya mtu aliyepata ajali za aina ya pili zisizohesabika. Alivunjika mifupa, akaungua moto, akatupwa shimoni na majini, na kila mara waliomtazama walidhani yamekwisha. Lakini ajali ile ya kwanza, iliyo kubwa, haikumkuta barabarani. Ilimkuta nyumbani kwake, amelala kitandani. Mtu huyo ni Tazio Nuvolari, Mwitaliano, ambaye wajuzi wengi wa mashindano ya magari wanamhesabu kuwa dereva hodari kupita wote wa zama zake.

MWANA WA MASHAMBANI

Nuvolari alizaliwa tarehe 16 Novemba 1892 katika mji mdogo wa Castel d'Ario, karibu na Mantova, kaskazini mwa Italia. Ni nchi tambarare ya mashamba na mifereji. Baba yake, Arturo, alikuwa mkulima mwenye uwezo na mpanda baiskeli za mashindano. Ami yake, Giuseppe, alikuwa bingwa wa baiskeli mwenye sifa kubwa, na kwake ndiko kijana alikojifunza kupenda magurudumu.

Kwa umbo hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, mwembamba, uso umekonda na kidevu kimechongoka. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliendesha magari ya jeshi, na inasimuliwa kwamba afisa mmoja alimshauri aache kabisa kazi hiyo kwa sababu hakuumbiwa udereva. Kama kisa hicho ni kweli, basi afisa yule aliishi kuona maajabu.

Mwaka 1917 alimwoa Carolina Perina. Mwaka uliofuata wakajaliwa mtoto wa kiume, Giorgio, na mwaka 1928 wakampata wa pili, Alberto. Nakuomba uyaweke majina hayo mawili moyoni, maana tutayarudia.

Mashindano aliyaanza mwaka 1920 kwa pikipiki, akiwa na umri wa miaka 27, wakati ambapo wengine hufikiria kustaafu. Miaka mitano baadaye kampuni ya Alfa Romeo ilimjaribu kwa gari lake la mashindano katika uwanja wa Monza. Aliendesha kwa kasi ya ajabu mpaka akatoka njiani, akaumia vibaya. Madaktari wakamwamuru alale. Siku chache baadaye palikuwa na mashindano makubwa ya pikipiki pale pale Monza. Nuvolari aliwataka wamfunge bandeji akiwa ameinama katika umbo la mpanda pikipiki, kisha akasaidiwa kupandishwa juu ya Bianchi yake kama mzigo. Akashinda. Toka siku hiyo watu wakaanza kunong'ona kwamba mtu huyu ana mapatano na mauti.

MWENDO WA KASI WA ZAMANI

Aliyezoea gari la leo lenye paa la chuma, mkanda wa kiti na usukani unaozungushwa kwa kidole kimoja, itamwia vigumu kufahamu kasi ilikuwaje katika miaka ya 1930. Dereva wa mashindano aliketi juu ya gari zaidi kuliko ndani yake. Kichwa, mabega na mikono vilikuwa nje, katika upepo. Kichwani alivaa kofia ya kitambaa au ya ngozi ambayo isingemkinga hata na nazi ndogo, na machoni miwani ya vumbi. Mkanda haukuwapo. Madereva waliona ni heri kurushwa nje kuliko kubaki ndani ya chuma kinachowaka.

Injini ilikuwa mbele ya miguu, ikinguruma na kutoa joto lililochoma nyayo kupitia viatu. Tangi la mafuta lilikuwa nyuma ya mgongo. Katika Alfa Romeo ya P3, gari lililompa Nuvolari sifa nyingi, vyuma viwili vya kuzungushia magurudumu ya nyuma vilipita huku na huku chini ya dereva, naye kaketi katikati. Matairi yalikuwa membamba. Springi zilikuwa za mabamba kama za lori, kwa hiyo kila jiwe la barabara lilipanda mpaka kwenye meno. Katika magari mengi ya Kiitaliano ya mashindano kanyagio la mafuta lilikuwa katikati na la breki kulia, na aliyesahau jambo hilo hata mara moja huenda asipate nafasi ya kulikumbuka. Na moshi wa injini, pamoja na mvuke wa mafuta, dereva aliuvuta saa baada ya saa, siku nzima.

Mimi nimeonja tone moja tu la bahari hiyo. Katika ujana wangu, fundi mmoja wa Mombasa alikuwa amefufua gari la wazi lililoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akanipakia tukashika njia ya Mariakani. Mshale ulipofika maili 50 kwa saa nilikuwa nimekwisha kushika ubao wa mbele kwa mikono miwili. Upepo uliniingia kinywani nikashindwa kupumua sawasawa, machozi yakanitiririka mpaka masikioni. Usukani ulitetemeka mikononi mwa fundi kama mshipi uliokamatwa na nguru. Kelele zilikuwa nyingi hata ukimya wa baadaye uliniuma masikio. Tuliposimama nilinuka oili, na magoti yalikataa kunibeba. Na kasi ile, ukiipima, Nuvolari aliizidisha mara nne: tarehe 15 Juni 1935, katika barabara kuu kati ya Firenze na Lucca, aliendesha Alfa Romeo yenye injini mbili kwa zaidi ya kilomita 320 kwa saa, barabara nyembamba, upepo wa ubavuni ukimsukuma.

KONA YA NUVOLARI

Lakini kasi ya njia iliyonyooka si kitu. Ujuzi wa Nuvolari ulikuwa katika kona, na shahidi wake ni Enzo Ferrari, yule yule ambaye jina lake limo katika magari mekundu hadi leo. Ferrari alikuwa dereva kabla ya kuwa bwana wa magari, na mwaka 1931 alipata kuketi kando ya Nuvolari katika mazoezi. Alieleza baadaye kwamba kwenye kona ya kwanza aliona wazi wanakwenda mtaroni, akajikaza kupokea pigo. Hawakwenda. Gari lilitoka upande wa pili likielekea njia iliyonyooka. Kona ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Ferrari alipotazama chini aliona kwamba mguu wa Nuvolari haukuondoka kabisa kwenye kanyagio la mafuta.

Siri ilikuwa hii. Madereva wengine waliifikia kona, wakashika breki, wakageuza usukani, wakapita, kisha wakaongeza mwendo. Nuvolari aligeuza pua ya gari mapema kuliko akili inavyokubali, akaliacha liteleze ubavu kwa magurudumu yote manne, huku injini ikivuta kwa nguvu zake zote. Gari likatambaa upande kama kaa wa mchangani, na mtelezo ulipokwisha tayari lilikuwa limeelekea kunako. Ukikosea kipimo kwa upana wa mkono, mti unakungoja. Kwa hiyo waliosema anaendesha kama mwendawazimu hawakutazama vizuri. Ilikuwa hesabu, ila aliifanya kwa makalio na mikono badala ya kalamu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuitikisa Italia nzima katika Mille Miglia, mashindano ya maili 1,000 kutoka Brescia hadi Roma na kurudi, katika barabara za kawaida zinazopita vijijini na milimani. Mwaka 1930 alikuwa dereva wa kwanza kuyamaliza kwa wastani uliozidi kilomita 100 kwa saa. Kisa maarufu ni kwamba alimfuata mpinzani wake, Achille Varzi, usiku akiwa amezima taa ili asionekane katika kioo, akaziwasha alipomfikia. Waliochunguza baadaye wamesema kulikuwa kumekwisha kupambazuka. Hata hivyo watu walipenda kuamini ya giza, na tangu lini hadithi nzuri ikangoja ushahidi?

Baada ya ushindi wa aina hiyo, mshairi Gabriele D'Annunzio alimzawadia mwaka 1932 kobe mdogo wa dhahabu, mnyama mzito kuliko wote kwa mtu mwepesi kuliko wote. Nuvolari alimfanya kobe huyo kuwa alama yake, akamvaa kifuani juu ya fulana yake ya manjano mpaka mwisho. Mwaka 1933 alishinda saa 24 za Le Mans huko Ufaransa akiwa na Raymond Sommer, ingawa tangi lilikuwa likivuja na kuzibwazibwa kwa ubani wa kutafuna. Mwaka 1934 alivunjika mguu, na wiki chache baadaye akashindana Berlin mguu ukiwa ndani ya plasta, kanyagio zikiwa zimepangwa upya ili atumie mguu mmoja.

TRIPOLI NA KIVULI CHAKE

Sisi wasomaji wa pwani hatuwezi kupita Tripoli bila kusimama kidogo. Libya wakati huo ilikuwa chini ya Waitaliano, nao walijenga huko barabara ya mashindano kuzunguka ziwa la chumvi la Mellaha. Ilifunguliwa mwaka 1933, ikasifiwa kuwa miongoni mwa zenye kasi kubwa duniani. Miaka miwili tu kabla yake, tarehe 16 Septemba 1931, Waitaliano hao hao walimnyonga Omar al-Mukhtar, mzee wa zaidi ya miaka 70, mwalimu wa Kurani aliyeongoza vita vya kuikomboa nchi yake. Wenye nchi walipokuwa bado na vilio, wageni walikuwa wakipiga makofi majukwaani.

Juu ya hayo mashindano ya 1933 yaliunganishwa na bahati nasibu kubwa. Varzi alimshinda Nuvolari kwa sekunde isiyotimia, na baadaye ukaenea uvumi kwamba madereva walikuwa wamepatana ili wagawane fedha za mwenye tikiti. Watafiti wa miaka ya karibuni wameutilia shaka sana uvumi huo. Kamari, hata ikiwa safi kwa hesabu za wenyewe, haikosi kuacha harufu.

Nalisema hili si kwa kumshusha Nuvolari. Hakuwa mwanasiasa. Lakini serikali ya Mussolini iliutumia umaarufu wake kama bendera, na Oktoba 1935 majeshi ya serikali hiyo hiyo yakaingia Habash kwa bunduki na gesi ya sumu. Sifa ya mtu shujaa huweza kuvikwa na mwingine kama kanzu ya kuazima.

SIKU YA NÜRBURGRING

Ushindi wake mkubwa kupita wote aliupata tarehe 28 Julai 1935 huko Ujerumani, katika njia ya Nürburgring. Ni kilomita zaidi ya 22 kwa mzunguko mmoja, zinazopanda na kushuka katika misitu ya milima, zenye kona zaidi ya 170. Siku hiyo walitakiwa kuizunguka mara 22. Kulinyesha, barabara ikawa na unyevu.

Serikali ya Hitler ilikuwa imemwaga fedha katika magari ya Mercedes na Auto Union, nayo yalikuja tisa. Nuvolari, mwenye umri wa miaka 42, aliletewa P3 ambayo wakati wake ulikuwa umekwisha kupita, yenye nguvu za farasi 265 hivi, ambapo Wajerumani walikuwa na 375 na kuzidi. Wenzake wawili wa Alfa magari yao yaliharibika mapema, akabaki peke yake kati ya wenyeji.

Hata hivyo kufikia mzunguko wa 10 alikuwa ameshika uongozi. Kisha akasimama kutia mafuta, na pampu ikavunjika. Ilibidi mafundi wamimine kwa makopo, huku yeye akiruka na kupiga kelele kando yao. Kazi hiyo ilichukua dakika 2 na sekunde 14, na Wajerumani walifanya yao kwa muda mfupi mno kuliko huo. Aliporudi njiani alikuwa wa sita.

Waliokuwapo walisema hawakupata kuona uendeshaji wa namna ile tena. Aliwapita mmoja mmoja mpaka akabaki Manfred von Brauchitsch peke yake, mbele kwa zaidi ya dakika moja. Nuvolari akaipunguza hiyo dakika kona kwa kona. Brauchitsch alipoona anafuatwa alizidisha mwendo, na matairi ya Mercedes yake yakaanza kuchakaa mpaka nyuzi zikaonekana. Mzunguko wa mwisho ulipoanza tofauti ilikuwa kama sekunde 35. Hapo ndipo tairi la nyuma la Mjerumani likapasuka. Gari lililotokea kwenye jukwaa kuu mbele ya wakubwa wa Kinazi lilikuwa jekundu. Inasimuliwa kwamba hawakuwa wameandaa hata sahani ya santuri ya wimbo wa taifa wa Italia.

MAJINA MAWILI

Sasa turudi kwa Giorgio na Alberto. Mwaka 1937 Nuvolari alikuwa melini, katikati ya bahari, akienda Marekani kushindana, ilipomfikia habari kwamba Giorgio amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Kijana alikuwa na miaka 18. Baba hakuweza kurudi kumzika, maana meli haigeuzwi kama gari. Alishindana akiwa na msiba kifuani, na gari likamfia njiani.

Aliendelea. Mwaka 1938 Alfa yake iliwaka moto huko Pau, Ufaransa, akaungua, akaapa kuiacha kampuni hiyo. Akahamia Auto Union ya Ujerumani, gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda nalo Monza na Donington, Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1939, siku ile ile Uingereza na Ufaransa zilipotangaza vita, alikuwa Belgrade akishinda.

Vita vilipokwisha, Aprili 1946, Alberto naye akafariki kwa ugonjwa wa figo. Naye alikuwa na miaka 18.

Tafakari, ndugu msomaji. Baba alipita kwenye kingo za majabali kwa kasi ya upepo miaka ishirini na mitano akatoka salama, na wanawe wote wawili, ambao hawakupata kushindana, walichukuliwa wakiwa nyumbani chini ya macho ya madaktari. Waliomjua walisema tangu hapo aliendesha kama mtu anayekitafuta kitu, na wengi waliamini kitu hicho ni kifo cha njiani. Mapafu yake yalikuwa yameharibiwa na moshi wa miaka yote ile, akawa anakohoa damu, anashindana huku amejifunga kitambaa kinywani. Mwaka huo huo wa 1946, huko Torino, usukani ulimtoka mkononi. Watazamaji walimwona akipita mbele ya jukwaa amekamata usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine amekishika kile chuma kilichobaki.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 55 na mgonjwa, Enzo Ferrari alimpa gari la kushindana Mille Miglia. Aliondoka kama kijana. Njiani digadi la mbele liling'oka, boneti likapeperuka, kiti kikalegea, na bado alikuwa amewaacha wengine karibu nusu saa. Watu wa miji aliyopita walilia walipomwona na uso mweusi kwa moshi, injini iko wazi. Karibu na Reggio Emilia chuma cha springi kikavunjika, akasimama. Hakushinda, lakini Waitaliano wengi hawamkumbuki aliyeshinda.

Mashindano yake ya mwisho yalikuwa Aprili 1950, kupanda mlima Pellegrino huko Palermo. Baadaye kiharusi kikamshika, na tarehe 11 Agosti 1953 akafariki kitandani mwake mjini Mantova, akiwa na miaka 60. Alizikwa na mavazi yake ya udereva kama alivyoagiza, pamoja na wanawe, na makumi ya maelfu ya watu walimsindikiza.

Mwaka huo huo, mwishoni mwa Mei, huku kwetu yalianza mashindano ya Safari, magari yakazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika vumbi na matope. Vijana wetu waliosimama kandokando ya njia katika miaka iliyofuata walijifunza kuwapenda madereva hodari, na wengine walijifunza pia kuwaiga bila ujuzi wao. Kwa hao nasema neno moja. Mtu asiyasome maisha ya Nuvolari akadhani kwamba, maadamu siku ya mtu imeandikwa, basi akanyage mafuta apendavyo na abiria kumi na wanne nyuma yake. Tawakali haimwondolei mtu wajibu wa kumfunga ngamia wake. Nuvolari aliijua kila kona aliyoiingia, na roho aliyoiweka hatarini ilikuwa yake mwenyewe. Hata hivyo hakupewa kuchagua mahali pa kufia, wala kuwatangulia wanawe.